Kikao cha Siku ya Soko

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ndogo ya milimani upande wa Mgwashi, nilimkuta mgonjwa anayetetemeka hata kikombe cha uji kinamshinda kushika. Nilikuwa muuguzi mgeni, nikadhani ni malaria. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, aliniambia kwa upole kwamba huyo amekatiza pombe ghafla. Mwili uliozoea dengelua, pombe yetu ya miwa, ukiikosa unatetemeka na kutoka jasho, na wengine huona vitu visivyokuwepo. Mitaani hali hiyo wanaiita arosto. Inaweza kuua, ndiyo maana mnywaji wa siku nyingi hatumwambii aache peke yake nyumbani bila kumwona mtabibu.

Tulimtibu akaenda kwao, na haukupita muda akaletwa tena na hali ileile. Nilipouliza tunakosea wapi, Mganga alinijibu, "Sista, dawa ya kutetemeka ninayo. Ya siku anayorudi kwa wenzake wanaokunywa sina."

Miaka ikapita nikitibu hivyohivyo, mpaka nilipohamishiwa Mponde, kwa wakulima wa chai. Huko alinijia fundi mwashi mmoja, Athumani. Alikuwa ameacha pombe akiwa Tanga mjini, kwa kuhudhuria kikundi. Alinieleza kwamba watu wenye tatizo moja wanakutana, kila mmoja anasimulia yake, hakuna anayemhubiria mwenzake, na yaliyosemwa hayatoki nje. Aliporudi milimani akatafuta kikundi kama hicho asikione. Sasa alikuwa anaomba mahali pa kukutana.

Nilimpeleka kwa Mganga Mfawidhi wa pale, mama aliyependa utaratibu. Alitaka kujua kwa nini wasikutane kanisani au msikitini. Athumani alimjibu kwa adabu kwamba yeye mwenyewe, akiwa Mwislamu, aliona aibu hata kupita karibu na msikiti alipokuwa akinywa, na jirani yake Mlutheri hivyohivyo kwa kanisa. Mama akafikiri, akatupa chumba cha kliniki ya watoto kila siku ya soko, alasiri. Siku na saa hiyo alizichagua Athumani, kwa sababu ndipo vilabu vya pombe vinapojaa.

Mwanzo walikuja wanaume wachache, wakipita njia ya nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha chai, kupima presha, na nikimwona mwenye dalili za arosto kumwandikia rufaa, yaani kumpeleka hospitali kubwa.

Kisha akaja Mama Upendo, mjane mchuma chai aliyewahi kuimba kwaya. Pombe ilimwingia baada ya kumzika mumewe. Alikaa karibu na mlango. Wanaume walipoanza kucheka wakisimulia walivyolala mitaroni, akainuka akatoka. Nilimfuata hadi penye shamba la chai.

"Mwanamume akilewa, amelewa," aliniambia. "Mimi nikilewa ni malaya. Nitasimulia nini mle?"

Nilimweleza Athumani, na aliyepata la kusema ni mkewe, Mama Salimu. Alisema atakuja akae naye, maana ulevi wa mumewe ulimfundisha aibu ilivyo. Kikao kilichofuata Mama Upendo alikaa kati yangu na Mama Salimu. Ilichukua muda mpaka akataja jina lake na kusema kwamba anakunywa. Hakuongeza neno, wala hakuna aliyemdai zaidi.

Akaacha. Halafu kwenye harusi ya jirani akanywa tena, na kesho yake shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akaja akawachukua watoto wake wote wawili, Daudi na Upendo. Siku ya soko aliingia bado ananuka pombe, macho yamevimba. Mmoja akanong'ona kwamba atolewe. Athumani akamvutia benchi.

"Kaa, mama," alisema. "Leo ndiyo siku yenyewe ya kuja."

Tangu hapo hakunywa. Miezi ilipopita, wazee wa ukoo waliitisha kikao kuhusu watoto, nasi tukaenda naye, Mama Salimu na mimi. Baada ya shikamoo, wazee walitaka mimi niseme, kwa kuwa ni mtumishi wa serikali. Niliwaambia atasema mwenyewe.

"Watoto wangu walikuwa na haki ya kuniogopa," alisema. "Sikuja kuapa. Naomba mje mnitazame nyumbani, siku yoyote, bila kunijulisha."

Baba mkwe wake akasema kwa Kishambaa kwamba Upendo arudi kwa mama yake. Daudi, ambaye ndiye mkubwa, alikataa kurudi, na hawakumlazimisha. Mama yake alilia njia nzima, na sikujaribu kumnyamazisha. Hadi leo Daudi huja kumlimia, anakula, kisha anarudi kulala kwa baba yake mdogo.

Nimestaafu, naishi Kwai na ng'ombe wangu wa maziwa. Wauguzi vijana wakija kunisalimu huwaambia wajue kikao kiko wapi, siku gani, na wamfahamu angalau mtu mmoja aliyemo. Kumwambia mgonjwa akatafute kikundi na kuishia hapo ni kumwacha njiani.

Majuzi mwanamume mmoja alinipigia simu. Mkewe anataka kuacha pombe, lakini anaogopa kuonekana. Sikumdanganya kwamba hataonekana. Nilimpigia Mama Upendo, naye akasema atamngoja mke huyo barabarani. Waliingia pamoja, wakakaa benchi moja, na siku hiyo Mama Upendo ndiye aliyetangulia kusimulia.