Siku Nilipomwaga Kifurushi cha Bibi Tusekile

Nalisema mapema ili lisinikwame kooni huko mbele: ni mimi niliyemwaibisha Bibi Tusekile wa Ikombe mbele ya ukumbi mzima pale Kyela mjini, na sikumwaibisha kwa mdomo (mdomo ningeuombea radhi palepale), nilimwaibisha kwa maandishi makubwa ukutani, tena yenye mwanga. Kesho yake asubuhi nilitoka chumbani bila mpango wowote, begi mgongoni, mswaki mfukoni, nikadandia pikapu ya kwanza iliyosimama, na dereva aliponiuliza nakwenda wapi nikamjibu, "Huko huko unakokwenda." Alinitazama kama mtu aliyeiba kitu. Hakukosea sana.

Wanaonijua wasingeshangaa. Niliacha shule kidato cha pili na tangu hapo siwezi kutulia mahali nikijua kuna mahali pengine sijapaona. Nimekausha kakao Ngana, nimebeba mizigo Kasumulu mpakani, nimepiga kasia bila kujua kuogelea, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nimetulia (kwa kipimo changu) kwenye steshenari moja ya Kyela, nikichapa barua za watu. Humo ndimo nilimojifunzia, kwa simu yangu na kompyuta ya dukani, kutengeneza kurasa za mtandao, na sijawahi kukutana na jambo lililonishika vile.

Nivumilieni kidogo niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa nilivyoangamia. Ukurasa wa namna ile haukai ukiwa umeandikwa tayari. Unaandika kiolezo, kama barua yenye mapengo, na kwenye pengo unaandika mama, unaweka nukta, unaandika jina: mama.jina. Basi. Kompyuta iliyoko mbali, wanayoiita seva, sehemu ambayo sijafika wala sijui kama kuna baridi au joto, inachukua kifurushi cha yule mama, inaingiza mkono, inatoa jina peke yake, inalibandika kwenye pengo na kukutumia ukurasa uliokamilika. Ukiandika mama.kijiji inatoa kijiji. Haichanganyi, na haitoi usichokiita. Siku ya kwanza ilipokubali nilitoka nje nikasimama kwenye mvua nikicheka peke yangu, kwa sababu kitone kidogo kuliko yai la chawa kilikuwa kimefungua mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na mtu mzima na habari zake.

Basi akaja Mama Lugano, katibu wa kikundi cha akina mama wafinyanzi wa Ikombe. Alitaka ukurasa wa kikundi ili wanunuzi wa mbali wawaone wafinyanzi na vyungu vyao. Akakaa kwenye stuli, akafungua daftari, akaanza kunitajia mama mmoja mmoja, nami nikawa namtengenezea kila mmoja kifurushi chake: jina, kijiji, picha. Tatizo ni kwamba Mama Lugano hawezi kutaja mtu akaishia kwenye jina.

"Huyu Tusekile," alisema akishusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu, "watu wanamsifia bure. Macho yamekwisha. Vyungu anafinyangiwa na mkwewe, yeye anaweka jina tu."

"Niandike?"

"Wee! Nakwambia tu, nkamu, ndugu yangu."

Nikaandika. Msiniulize kwa nini. Mimi kila kinachosemwa mbele yangu nakiokota, na vidole vilikuwa vimeshapata kasi. Nikaongeza sehemu ya nne kwenye kila kifurushi, nikaipa jina minong'ono, nikajiambia hakuna ubaya, kwa sababu kwenye kiolezo sitaiita, na kisichoitwa hakitoki.

Siku ya kuuonyesha ukurasa ikafika. Akina mama walikuja kwa mtumbwi mpaka Matema na kwa gari mpaka Kyela, wakajaa mistari ya mbele, na katikati yao Bibi Tusekile mwenyewe, mdogo wa mwili, kitenge kimefungwa vizuri, mkono wake begani kwa mkwewe, Atupele. Alikuwepo pia Mzee Ambokile, mfanyabiashara wa Kasumulu mwenye wajomba ng'ambo ya pili, Malawi, ambaye alitaka mfinyanzi mmoja wa kumtengenezea vyungu vikubwa vya duka lake jipya huko. Alikuwa ameshasema mbele za watu, "Mimi nikiona vya Tusekile, sitafuti kwingine." Bibi alikuwa ameinamisha kichwa anatabasamu. Hiyo kazi ingemtosha msimu mzima.

Nusu saa kabla ya kuanza niliujaribu ukurasa kwenye simu, picha hazikutoka. Niliandika mama.picha kama inavyotakiwa, na mahali pa picha palikuwa peupe. Seva haigombi wala haikwambii umekosea wapi, inaacha pengo na kunyamaza, kama mkwe aliyeudhika. Ndipo nikachukua ule uamuzi mdogo: nikaongeza chini ya kiolezo mistari miwili ya kuiambia seva, fungua kifurushi cha kila mama, toa kila kilichomo, kitaje na jina lake. Imwage yote nione.

Ikamwaga. Nikaona kumbe picha yenyewe ni kifurushi kingine kidogo ndani ya kile kikubwa, kina faili na kina tarehe, kwa hiyo ilitaka nukta moja zaidi: mama.picha.faili. Nikaandika hivyo. Na uso wa Bibi Tusekile ukatokea, na mikunjo yake yote! Kifurushi ndani ya kifurushi, na nukta inapita humo kama mtu anayeingia sebuleni kisha chumbani. Nilishangaa mpaka nikasahau saa. Watu walikuwa wanaingia. Nikajiambia ile mistari miwili nitaifuta wakati wanafungua kwa sala. Sala ikaja, nikafumba macho kama wengine.

Kwenye simu ile mistari ilikuwa chini kabisa, haionekani mpaka uteremshe. Ukutani, projekta ilikoonyesha ukurasa mzima, hakuna chini. Ukutani kila kitu kipo.

Nilikuwa nimewapanga akina mama kwa umri kwa kuheshimu wakubwa, kwa hiyo Bibi Tusekile alitangulia. Na kwetu kwenye mkutano mwenye miwani huwasomea wenzake, na Mzee Ambokile ana miwani, ana sauti, na anapenda. Akasimama bila kuombwa.

"Jina, Tusekile. Kijiji, Ikombe." Makofi. "Picha, hii hapa, jamani mnamwona?" Makofi zaidi, na vigelegele. "Faili, hapa kuna namba namba. Tarehe." Akasogeza miwani. "Minong'ono: macho yamekwisha, vyungu anafinyangiwa na mkwewe, yeye anaweka..."

Alijisikia mwenyewe, akanyamaza. Lakini neno lilikuwa limeshafika mpaka mlangoni.

Mimi niliruka nikang'oa waya wa projekta. Ukuta ukawa mweusi. Nikavuta pumzi mbili za unafuu, kisha nikasikia nyuma ya ukumbi, "Ee! Na huyu wa pili, 'vyungu vyake vinavuja, anaviziba kwa uji'!" kwa sababu asubuhi ile, kwa majivuno yangu, nilikuwa nimetuma kiungo kwenye kundi la wasapu la watu wote waliokuwa humo. Ukurasa haukuwa ukutani. Ulikuwa kwenye seva, na seva ilikuwa inampikia na kumpakulia kila aliyegusa simu. Nikakimbilia simu niufute. Bando limekwisha.

"Nani ana bando anirushie?" nilipiga kelele (ndiyo, mbele ya ukumbi mzima).

"Tunalo, Fundi," mmoja akajibu, "ila tunasoma kwanza!"

Ukumbi ukacheka kicheko kile kinachokutoa kwenye mji. Mama Lugano alikuwa ameaga kwenda kujisaidia na hadi leo hajarudi. Katika vurugu ile Bibi Tusekile akasimama, mkono begani kwa Atupele, na watu wakanyamaza.

"Nani ameandika?"

"Ni mimi, Bibi."

Aligeuza sikio upande wangu, kama anayeipima sauti yangu. Kisha akasema, "Ndaga." Maana yake asante, kwa Kinyakyusa. Angenitukana ningemshukuru. Akatoka. Mzee Ambokile akakunja karatasi yake ya oda akairudisha mfukoni, akasema bila kumtazama mtu, "Nitafikiri kwanza."

Jioni nikapata bando nikaufuta ukurasa wote. Na asubuhi, kama nilivyosema, nikawa kwenye pikapu.

Pikapu ilikuwa inakwenda Matema. Niliposhuka nikalikuta ziwa limelala kimya, la buluu mpaka macho yanauma, na ile milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja mpaka majini kana kwamba hakuna aliyeiambia kwamba ardhi imekwisha. Nilikuwa nimekaa Kyela miezi yote ile na sijawahi kufika hapo kuiona, mimi ninayejiita mtu wa kutembea. Mtumbwi ulikuwa karibu kuondoka. "Ikombe! Bado mmoja!" Sitawadanganya kwamba niliamua. Miguu iliingia, mimi nikaifuata.

Ikombe nilishuka nikauliza wapi naweza kulala. Mzee aliyekuwa anatengeneza nyavu akanyoosha mkono: "Wageni wanalala kwa Bibi Tusekile, ana chumba." Niliuliza kama hakuna kwingine. Akasema kuna ufukwe.

Nikapiga hodi. Alikuwa uani, amekaa chini, bonge la udongo mbele yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Kichwa hakikuinuka. "Hii ni ile sauti ya 'ni mimi, Bibi'."

Atupele akatoka ndani na ndoo ya maji, akasimama. "Umekuja kuandika nini tena, wewe?"

"Mwache," Bibi akasema. "Kaa hapo. Usiseme kitu."

Nikakaa. Akapiga ngumi katikati ya lile bonge, mkono ukazama, na udongo ukaanza kupanda. Sijui niseme vipi. Hakukuwa na mashine wala gurudumu, alikuwa yeye anazunguka na vidole vyake, kimoja ndani kimoja nje, na ukuta wa chungu unainuka katikati yao mwembamba, sawa pande zote, na macho yake wakati wote yanatazama ziwani, hayatazami chochote. Mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko. Palipokuwa na kijiwe kidogo ndani ya udongo, ambacho mimi mwenye macho mawili nisingekiona, kidole kilisimama, kikakichomoa, kikakitupa. Nilisahau kwamba nimekuja na aibu. Nilikuwa nimedhani nimeshaona kitu cha ajabu, mkono unaoingia usikokuona na kutoka na kile kile kilichotakiwa, na kumbe hapa palikuwa na mtu anayekifanya hicho kila siku bila umeme.

Alipomaliza mdomo wa chungu akafuta mikono. "Umeona nani anafinyanga?"

"Nimeona, Bibi."

"Mkwe wangu anaponda udongo, na chungu kikikauka anachora. Michoro mimi siioni. Chungu nakiona." Akakigonga kwa ukucha. "Kile kitu chako uliweka wapi?"

"Nimekifuta chote."

"Nani kakwambia ufute chote? Ulimwaga chote, sasa umefuta chote. Huna kati?" Atupele akacheka kwa mara ya kwanza. "Ya macho ni kweli, iandike. Andika na Atupele ndiye mchoraji, na jina lake. Hiyo ya kuweka jina tu, itupe ziwani. Na aliyekwambia sikuulizi. Sauti yake naijua pia."

Nikapanda kwenye jiwe moja nyuma ya nyumba ambako mtandao unafika, nikaandika upya kiolezo kwenye simu. Sehemu ya minong'ono niliitoa kwenye vifurushi vyote, kwenye cha Bibi nikaongeza macho na mchoraji, na humo kwenye kiolezo nikaita kimoja kimoja: mama.jina, mama.macho, mama.mchoraji, mama.picha.faili, na kila nilichokiita nilimsomea Bibi kwa sauti kutoka juu ya jiwe, naye ananijibu kutoka uani, "Hiyo sawa," au "Hiyo kwa nini?" Nikamtumia Mzee Ambokile kiungo. Jua lilikuwa bado halijagusa maji aliporudisha ujumbe wa sauti, na nikauweka Bibi ausikie: "Tusekile, nimeisoma hapa dukani kwa sauti, unanijua. Nakuja Jumamosi. Nitakaa hapo nione hiyo mikono, na nikiiona, vyungu vyote nachukua kwako. Na unisamehe mdomo wangu."

"Mdomo wake hauna dawa," Bibi akasema, lakini aliniambia niuweke tena. Mara tatu.

Ile mistari miwili ya kumwaga kila kilichomo sijaiandika tena, na sitaiandika, hata ukurasa wote ukiwa mweupe na watu wako mlangoni. Nitaita kitu kwa jina lake, nikikosa nitakaa na pengo langu.

Atupele akanipa ndizi na samaki, kisha akanionyesha chumba. Mkeka upande mmoja, na upande mwingine, ukutani kote, vyungu vibichi vimefunikwa vitambaa vyenye unyevu, vikubwa kwa vidogo, vimekaa kama watu waliojifunika kanga. Nikaweka begi chini. Kimoja kilichokuwa karibu nami kilikuwa na umbo ambalo sijawahi kuliona, kitambaa kimeinuka kwa juu kama kuna shingo mbili, na ninyi mnanijua. Nikanyoosha mkono polepole, bila kutoa sauti hata kidogo.

"Hicho," Bibi Tusekile akasema kutoka uani, "sijakwambia ufunue."

Nikaurudisha mkono.