Clothilde anazoea baridi ya Noël

Clothilde iko na miaka makumi mbili na tatu, anauzisha samaki ya barafu kwa Mama Kasoki kule Mangobo, na hajaona theluji hata siku moja. Lakini umuulize sasa! Anajua vile inaanguka, vile inalia chini ya bottes, vile viatu virefu vya baridi. Video tu. Kisangani yote inavuja jasho, yeye iko na bonnet ya laine ku kichwa. Wapendwa, tumuombee.

Bon, sababu iko. Dada yake mukubwa, Ursule, anaishi Ulaya, mu kamuji kadogo ka ku milima, na amemwita kwa Noël, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yesu. Visa ikatoka. Mu groupe WhatsApp ya famille, moto ikawaka, Tonton René, mujomba wao, wa kwanza:

— Clothilde, utakufa kule! Mvua ya hapa tu unavaa soketi mbili!

— Tonton René, punguza wivu.

— Leki, mudogo yangu, Tonton iko sawa, Ursule akaandika. Baridi ya huku haichekake na mutu. Ujizoeze.

Ujizoeze. Ile neno njo ilimuharibu.

Chambre froide ya Mama Kasoki, chumba ya kugandisha samaki, iko na mulango ya chuma, na poignée ya ndani, ile ya kufungulia, ilivunjika tangu mwaka jana. Donc mutu akiingia, anatia carton ku mulango isijifunge. Clothilde alianza kukaa mule dakika tano. Kisha kumi. Alipiga selfie, nyusi nyeupe kama ya tate, babu muzee, likes zikanyesha. Siku moja Mama Kasoki akamukamata.

— Ile ni nyumba ya samaki! Nikikuona tena mule, Noël utafanya hapa na mimi.

Basi akaanza kujificha.

Ile siku, saa nane ya muchana, Mama Kasoki alitoka kuongea na muteja ku barabara. Clothilde akaingia, akapita nyuma ya cartons, écouteurs mu masikio, nyimbo ya Noël juu kabisa. Leo ni dakika makumi mbili.

Dakika ya tisa, courant ya umeme ikakatika.

Hapa kwetu, kila mwenye chambre froide anajua: courant ikienda, unakimbia kufunga, unatia cadenas, ile kufuli, na hata ikirudia haufungue haraka, unangoja baridi ishike. Bila vile, samaki inaoza. Mama Kasoki akarudi mbio, akakuta mulango wazi.

— Eh! Huyu mutoto ataniozeshea mali! Tena ameenda kujitafutia makemba ya kula!

Akapiga carton teke, akavuta chuma. Cadenas: ka!

Ndani, giza. Clothilde alicheka kwanza. Kisha akawasha torche ya telephone, akasukuma mulango. Akasukuma tena. Réseau, zéro. Akagonga, akaita "Mama! Mama Kasoki!" mupaka sauti ikakauka. Alors akajituliza: bila courant, baridi itapungua tu. Kweli, kisha saa moja kupita, vidole vikaanza kusikia tena.

Halafu, mbali kule inje, quartier muzima ukapiga kelele ya furaha.

— Eeeeh! Courant!

Juu ya kichwa yake, ventilateurs za kupuliza baridi zikaanza kuzunguka.

Papa Eugène, muteja wa kila siku, akafika na bassin yake.

— Mama, nipimie kilo mbili.

— Leo haifunguke, Papa. Baridi ishike kwanza. Urudie kesho asubuhi.

Papa Eugène akageuza sikio.

— Mama, haiko mutu anagonga?

— Ni moteur, Papa. Courant ikirudia, inagongaka vile.

Akavuta kiti yake, akakaa, mugongo ku mulango.