Mume Aliyepigwa Picha Usiku

Juzi nilikuwa kwa mpiga picha mmoja hapa Mbinga, nikisubiri picha za pasipoti, mara wakaingia mzee na mkewe kutoka Mbamba Bay. Mpiga picha aliwaamkia shikamoo huku anacheka, akanisimulia.

Alikuwa ameshuka ziwani kupiga picha ya usiku, ya taa za karabai za wavuvi wa dagaa. Filamu ilibakiza picha moja tu. Mama huyu akamfuata ufukweni: "Mwanangu, nipigie picha ya mume wangu. Mchana analala, usiku yuko majini. Hatuna hata picha ya harusi."

Kamera ikawekwa juu ya miguu yake mitatu, ikaachwa wazi ivute mwanga taratibu. Ghafla wingu likashuka kutoka milimani, mvua ikaanza. Mpiga picha akataka kufungasha. Mama akavua khanga ya begani, akaitandaza juu ya kamera, akasimama akilowa bila kutikisika mpaka alipoambiwa basi.

Sasa picha hiyo ilikuwa mezani mbele yetu: ziwa jeusi na vinukta vya mwanga. Mzee akaisogeza dirishani.

"Mimi niko wapi?"

Mkewe akaweka kidole kwenye nukta moja. "Huyu hapa."

"Mbona mdogo hivi?"

"Ndivyo ninavyokuona kila usiku, baba, tangu unioe."

Mzee akavua kofia, akaomba wapigwe picha wote wawili, palepale, wakiwa wamekaribiana.

Siku hizi za soko huria tunaambiwa mteja ni mfalme. Basi mimi mfalme nikawapisha, nikasogea pembeni, nikawashikia kikapu chao.