Kihispania cha Jikoni, Ilongero

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo: nimpigie Sista simu, au nisimpigie? Ujumbe ulitoka kwenye nyumba ya watawa wazee huko Hispania anakotunzwa. Kiswahili chote kimemtoka, walisema, na Kinyaturu pia. Amebakiwa na lugha ya mama yake tu, na hata hiyo inapungua. Kama Ilongero yupo anayeweza kumsemesha, asichelewe.

Huyo nilikuwa mimi, mhitimu asiye na kazi, mwenye Kihispania cha jikoni.

Nilikulia kwenye jiko la misheni, ndugu yangu. Bibi alikuwa mpishi pale, na Sista, aliyesimamia zahanati, hakuweza kukaa mbali na sufuria. Wakati wa mavuno waliketi uani wakipeta alizeti, upepo ukitujaza makapi nywele zote, Sista akinung'unika kwa lugha yake na Bibi kwa yake. Nami niliokota kitenzi kimoja, quedar, kwa sababu kilikuwa kila mahali. Akitikisa kopo la chumvi alisema queda poca, imebaki kidogo. Siku aliyonivalisha sketi ya shule aliyoishona mwenyewe, ikanipwaya mpaka karibu na visigino, alirudi nyuma kidogo akanitazama: te queda bien, imekukaa vizuri. Bibi akasema hata gunia lingenikaa hivyo. Mama jirani aliyeleta maziwa aliagwa kwa quedamos el lunes, tumepatana Jumatatu, na Jumatatu mama huyo alikuwa mlangoni. Wageni wa mjini walipomsihi Sista apande gari lao akapumzike Singida, alijibu me quedo, mimi nabaki, akarudi kuonja mlenda.

Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama mikono yake na uso wake, maana zikaingia zenyewe.

Jiko lile limevunjwa. Alizeti siku hizi inapigwa kwa mashine, na ule mlio wa ungo sijausikia miaka mingi. Mama wa maziwa tulimzika. Ndiyo maana niliogopa. Kukosea maneno kulinitia aibu, lakini kilichonitisha hasa ni kwamba Sista angeulizia watu, na karibu wote sikuwa na habari njema zao. Nimdanganye mgonjwa? Nimwambie kweli nimvunje moyo? Niliyageuza hayo mpaka nikaacha kula.

Bibi, ambaye sasa haoni vizuri, aliniuliza kulikoni. Nikamweleza yote.

"Mjukuu wangu, wewe unafikiri mpaka ugali unaota ngozi," alisema. "Mwenzangu anasubiri. Piga, mimi nipo hapa."

Nikapiga. Sauti ya Sista ilikuwa nyembamba, na jina langu halikumwambia kitu. Nikamtajia Ilongero, nikamtajia jiko. Akauliza taratibu, "¿Quién queda?" Nani amebaki?

Uongo wangu nilikuwa nimeshaupanga. Nikauacha. Nilimwambia kwamba jiko halipo tena, na mama wa maziwa ametangulia. Nilisikia anavyovuta pumzi.

"Queda mi abuela," nikasema, bibi yangu yupo. Nikamwekea Bibi simu sikioni, naye akaanza kumsalimu kwa Kinyaturu, kama walivyozoea uani, kila mmoja na lugha yake.