Nafasi ya Mshono Kwenye Mchoro wa Ulezi

Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vilikatwa na mume wangu kwa panga, mchana, jikoni kwangu. Naanza na hilo kwa sababu polisi waliandika jambo jingine. Waliandika kwamba nilijikata nikipasua kuni. Aliyewaambia hivyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni akaona kila kitu. Mume wangu siku hizi yuko kijiji cha Mbalibali, analima, anafuga, ana mke mwingine. Wifi yuko hapahapa Tarime, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama mafundi cherehani.

Watu huniuliza nawezaje kukaa naye kikundi kimoja. Mimi darasa la nne sikulimaliza, na kazi ninayoijua ni ya kitambaa tu. Ningekwenda wapi?

Zamani nilikuwa natarizi. Vitambaa vya makochi, mashuka ya maharusi, watu walitoka mpaka Sirari kunitafuta. Baada ya panga, sindano ikawa inaniponyoka. Nikabaki kupiga pasi na kukata nyuzi, wenzangu wakishona.

Ndipo kikundi kikapewa kishikwambi kimoja chenye kalamu yake, na mwalimu, mama mmoja kutoka Musoma, akaja wiki moja kutufundisha kuchora maua ya vitenge. Wenzangu waliogopa kukivunja. Mimi niliizungushia ile kalamu vipande vya kitambaa mpaka ikanenepa kama mwiko, nikaishika kwa vidole vilivyobaki. Ikakaa. Mstari wangu wa kwanza ulipinda. Mwalimu akanionyesha pa kubonyeza, ukatoweka. Nilishangaa sana. Ukifumua uzi, kitambaa kinabaki na matundu. Pale hapakubaki kitu. Jioni nzima nilichora na kufuta, nachora na kufuta.

Kikundi kikaweka sharti. Kila mmoja atakaa na kishikwambi mwezi mmoja, kisha mchoro wake utachapwa kipande cha mfano huko Mwanza. Kikipendwa, kinakuwa sare yetu, na yeye anabaki na kishikwambi kama mchoraji wa kikundi. Kikikataliwa, anampa mwenzake. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nikishindwa, narudi kwenye pasi.

Nilichora mashuke ya ulezi, mekundu ya kahawia, yamejikunja kama vidole vya mtoto. Kipande kilikuja na basi. Tukakifungua juu ya meza ya kukatia.

Kilikuwa na mistari myeupe, wima na mlalo, kitambaa kizima.

"Mama, umetuchorea dirisha la lokapu!" mmoja akasema.

"Nikivaa hii, mume wangu ataniletea chakula mahabusu," akadakia mwingine. Wakacheka mpaka wakashika meza.

Mimi niliona kosa langu palepale. Nilikuwa nimeacha nafasi ya mshono, upana wa kidole kimoja pande zote nne za mchoro. Fundi gani anakata bila kuacha nafasi? Mikono yenyewe iliacha, sikuiambia. Lakini mashine ya kuchapa haishoni. Inachukua ule mchoro mmoja na kuupanga ubavu kwa ubavu, na nafasi zangu zote zikabaki wazi.

"Mwezi umeisha," wifi akasema. "Ampe mwenzake."

"Wifi, nipe mpaka chai iive."

"Chai haimngoji mtu."

"Basi usiuchochee moto," nikamwambia, nikakaa na kishikwambi.

Nilikata zile kingo. Shuke lililokatika upande wa kulia nikalipeleka likamalizikie kushoto. La juu likamalizikie chini. Jasho lilinitoka, kalamu ikateleza mara mbili, nikafuta, nikarudia. Wengine walishaanza kumimina chai. Kisha nikabonyeza pale panapozidisha mchoro, na ulezi ukajaa kioo kizima, hakuna mstari.

Yule wa mahabusu akainama juu ya bega langu. "Kumbe ni shamba moja! Hii nashona hata leo."

Wifi akavaa miwani, akachukua kishikwambi, akasogea nacho dirishani. Nikamfuata, maana sikutaka kitoke machoni pangu. Alitembeza ukucha juu ya kioo akitafuta kiungo, kama tunavyokagua kazi ya mtu mwingine.

"Umeunga wapi?"

"Tafuta."

Hakupaona. Macho yake yakahamia kwenye mkono wangu. Kisha akasema chinichini, wenzetu wakigombea sukari, "Bado unauma?"

"Wakati wa baridi."

"Mimi nilisema ni kuni."

"Uliwaambia polisi. Sasa unaniambia mimi, na mimi nilikuwepo."

Tukarudi mezani, wifi akauliza nani anakubali mchoro. Mikono ikapanda, mingine na vikombe vyake. Wa kwake ulipanda mwisho. Nikachukua kishikwambi, nikakifunga ndani ya kanga.

Sare tumeshaivaa, na yeye anaivaa. Akikutana na wateja husema mchoraji wetu ni huyu wifi yangu. Kwenda polisi kufuta yale maneno ya kuni, hajakwenda mpaka leo, na kituo si mbali na ile meza.