Dawa ya Mguu wa Malale

Mtu wa maabara alikuwa na vidole vya zambarau kwa ile rangi ya kupimia vijidudu, na alivikaripia vijidudu vyake kama mwalimu anavyokaripia watoro. Malale, mfugaji wa Mwamkulu, alimsikia wiki nzima kutoka wodini, huku kidonda cha mguu wake kikizidi kunuka na daktari akianza kutaja msumeno. Sindano zote zilikuwa zimeshindwa. Ndipo yule mtu alipoomba kidonge kimoja kimoja kutoka stoo ya dawa, cha minyoo, cha presha, cha kifua, akavisaga na kuvijaribu juu ya vijidudu vya Malale. Siku ya tatu akaja mbio na kisahani mkononi. "Baba, tazama, hapa wamekufa!" "Kwa dawa ya nini?" Akajikuna kisogo. "Ya wendawazimu." Malale akautazama mguu wake. "Nilijua tu hauna akili."

Daktari akakubali kuichanganya dawa hiyo na sindano, na mwezi ulipoisha Malale akasimama kwa miguu yote miwili, mpole, akimwamkia kila mtu. Mkewe, Hana, aliyezoea kufokewa, akamvuta mtu wa maabara pembeni. "Kaka, mguu umepona, asante sana. Ila vile vidonge, nakuomba, msimkatishie."