Bi Mashavu yumo majini, mjukuu yuko mlimani

Saa tatu asubuhi, Jambiani. Maji yamekupwa hadi mbali na wanawake wameinama kwenye mashamba yao ya mwani. Bi Mashavu Ameir anafunga chipukizi moja kwenye kamba, anainua kichwa kutazama pwani, anafunga jingine, anatazama tena.

Pwani hakuna cha kutazama ila jirani yake, Muzdalifa, aliyekaa kivulini na simu ya Bi Mashavu mapajani.

"Akipiga, nipungie kanga," alimwambia kabla ya kuingia majini. "Usinipigie kelele, ntaanguka."

Anayengojwa ni mjukuu wake wa kike, Riyama, fundi baiskeli mwenye umri wa miaka 24. Asubuhi hii anateremka peke yake milima ya Usambara, na baiskeli yake ina breki moja.

Bi Mashavu, 63, alianza kulima mwani binti yake, mama wa Riyama, akiwa bado mtoto. Mama huyo alipofariki, mwani huohuo ndio uliomlea mjukuu. Miaka hii maji yamekuwa ya moto na mwani unanyauka. Msimu uliopita, anasema, kila kamba tatu alizofunga alivuna mbili. Aliyeshikilia nyumba ni Riyama, anayetengeneza baiskeli za wanakijiji na za wageni wa hotelini.

"Hao wageni ndio waliomtia maneno," anasema Bi Mashavu. "Kila mmoja ana mlima wake aliopanda. Mtoto akanambia, Bibi, mimi natengeneza baiskeli za watu na sijapanda hata kichuguu."

Wiki iliyopita akavuka kwa boti kutoka kisiwani hadi Bara, na baiskeli kuukuu aliyoachiwa na mgeni. Njia yake: apande kutoka Mombo hadi Lushoto, apite Mlalo, kisha ateremke upande wa pili hadi Mng'aro.

Siku za mwanzo alipiga simu akicheka. Jana Bi Mashavu akaingia bandani kwa mjukuu wake kutafuta kisu, akaona breki ya mbele ya ile baiskeli inaning'inia msumarini.

Jambiani hilo si la kushangaza. Ardhi ni bapa, chumvi na mchanga hula waya, na mtu akitaka kusimama huburuza kandambili. Breki ya mbele ni uzito wa bure. Riyama aliing'oa zamani akaisahau, na njia ya kupanda haikumkumbusha.

Jioni hiyo Bi Mashavu alimpata simuni, yuko Mlalo.

"Mke mwenzangu, breki yako nimeikuta huku."

"Najua, Bibi. Leo kiteremko kimoja tu, ya nyuma ikanuka moshi. Nimezunguka mafundi wa hapa, hakuna inayoingia kwenye baiskeli hii."

"Basi kesho shuka kwa miguu."

"Nimekuja mpaka huku nisukume baiskeli? Watu wa Jambiani watasema nilikwenda kuitembeza."

"Na waseme. Utakuwa mzima wa kuwasikia."

"Ntaangalia, Bibi." Chaji ikamwishia.

"Hilo 'ntaangalia' nalijua," anasema Bi Mashavu. "Hulisema akishakata shauri."

Kubaki nyumbani hawezi. Bamvua hili, siku chache ambazo maji hukupwa mbali, likipita, mbegu za mwani alizokwisha kuzikata zitaoza. Lakini mafundo yake leo hayakazi, na Shemsa, wa shamba la pili, ameshaona.

"Bi Mashavu, leo unafunga mwani au unaufungua?"

"Nyamaza wewe."

"Huyo mtoto kichwa kigumu kile kakitoa wapi?"

"Kwangu. Ndo ninachokiogopa."

Maji yameanza kurudi, yanagusa magoti, kanga inapopungwa pwani. Bi Mashavu anaacha kapu palepale. Anataka kukimbia, tope linamshika miguu. Anapofika mikono inamtiririka maji, na Muzdalifa anamwekea simu sikioni.

"Bibi, nipo Mng'aro."

"Mzima?"

"Mzima, Bibi."

Bi Mashavu anakaa mchangani na nguo zake mbichi. "Umeshukaje?"

"Mwanzo niliipanda. Kona ya pili ikanishinda, nikaingia kwenye migomba ya watu. Mwenye shamba kanitukana mpaka kachoka, halafu kanipa maji. Toka hapo nimesukuma mpaka chini, watoto wananifuata nyuma wananizomea."

"Waache wazomee, mwanangu."

Riyama anasema mwakani atarudi na breki mbili, ashuke njia ileile juu ya baiskeli. Bi Mashavu habishi. Simu ikishakatwa, anakamua kanga yake taratibu, macho yakiwa kwenye kapu lililoanza kuelea.

Yeye hajawahi kuvuka kwenda Bara. Mwakani, anasema, atakwenda.

"Si kupanda mlima, la. Ntakaa hapohapo Mng'aro, chini. Kungoja ntangoja, nshazoea. Lakini ningoje pahala ninapomwona akija."